Meli Iliyopita Nakuru kwa Treni: Kisa cha Stempu ya M.V. Victoria

Stempu yenyewe imo ndani ya mkebe wa biskuti alioniachia mjomba wangu, aliyefanya kazi ya reli hapa Nakuru hadi akastaafu. Ilitolewa mwaka 1969, na thamani yake ni shilingi moja na senti thelathini. Jino moja la ubavuni limeng'oka, na muhuri wa posta umeangukia kona ya chini, wino umefifia hata huwezi kujua barua ilitoka mji gani. Jina la meli, hata hivyo, linasomeka vizuri: M.V. Victoria. Na pamoja nalo yapo majina ya nchi tatu: Kenya, Uganda na Tanzania.

Mjomba alikuwa na neno moja tu kuhusu stempu hiyo. "Hii ni meli ya Kisumu," alikuwa akisema. "Iliundwa Kisumu." Nikakua nikijua hivyo. Siku moja niko Kisumu, mitaa ya karibu na soko la Kibuye, nikamwonyesha mama mmoja Mhaya, mtu wa Bukoba, Tanzania, anayeuza vitenge. Nilimwamkia shikamoo kama walivyo watu wa kwao, akaitikia marahaba, akaichukua stempu na kuisogeza kwenye mwanga. "Lakini hii si yetu hii, baba? Hii ni Victoria ya Bukoba. Nimeipanda tangu niko msichana." Kisha rafiki yangu mmoja, mkusanyaji wa stempu wa miaka mingi, naye akanisahihisha: ile meli imetoka Glasgow, Scotland, na mwanzoni haikuitwa M.V. hata kidogo.

Wote watatu walisema kweli. Ndiyo maana nimeona heri nikifumue kisa hiki uzi kwa uzi, kwa sababu watu wengi wa kwetu hushika kipande kimoja tu na kuwabishia wenzao.

Tuanze na Glasgow. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mito mingi inaingia, lakini maji hutokea mlango mmoja tu, Mto Nile pale Jinja. Huko chini mto huo unakutana na maporomoko, yale ya Murchison yakiwa mojawapo, na hakuna meli inayoweza kuyapanda. Kwa hiyo hakuna chombo chochote kikubwa kilichowahi kuingia ziwani kikielea kutoka baharini. Kila meli ya chuma iliyoonekana Kisumu, Mwanza, Port Bell au Bukoba, ama iliundwa ufuoni, ama ililetwa ikiwa vipande.

Ya kwanza kabisa ya Waingereza, William Mackinnon, ililetwa vipande kabla ya reli kufika. Iliitwa kwa jina la tajiri wa Scotland aliyeanzisha Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na kampuni hiyo ndiyo iliyoiagiza mwanzoni mwa miaka ya 1890. Vipande vikafika Mombasa, na kwa sehemu kubwa ya safari ya bara vikategemea mabega ya wapagazi. Hebu fikiria mtu anayepita nyika ya Taru akiwa na bamba la chuma kichwani, bamba ambalo hajui ni sehemu gani ya kitu gani. Meli hiyo ilishushwa majini Kisumu mwezi Juni 1900. Reli yenyewe ilifika ziwani tarehe 20 Desemba 1901, na mji ukaitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi Ronald Preston, aliyesimamia utandikaji wa reli. Maana yake ni kwamba Kisumu ilikuwa na meli mwaka mmoja na nusu kabla haijawa na treni. Wengi wetu tulifundishwa kinyume chake.

Baada ya reli kufika, meli zikafuatana: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, kisha Usoga na Rusinga kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Karibu zote zilitoka kiwanda kimoja, Bow, McLachlan cha mji wa Paisley, Scotland. Hizo zilikuwa stima hasa, meli za mvuke zenye kupuliza moshi. Neno hilo stima leo Mkenya akilisikia huwaza taa ya nyumbani na bili ya mwezi, lakini wazee walilitumia kwa chombo kinachoenda kwa mvuke majini. Sybil ndiyo yenye mkasa. Mwaka 1914, vita vikiwa vimeanza, iligonga mwamba na kupandishwa ufuoni Majita, upande uliokuwa wa Wajerumani, ikabaki huko mpaka Waingereza walipokwenda kuiokoa mwaka uliofuata.

Victoria ilikuja kizazi kizima baadaye, mwaka 1961, na haikuwa ya mvuke tena. Injini zake ni za dizeli. Iliundwa na kampuni ya Yarrow, katika karakana zake za Scotstoun, Glasgow. Ila "iliundwa" hapa linahitaji kuelezwa, maana ndipo mjomba wangu na rafiki yangu wanapogongana.

Kwanza, kule Scotland mafundi waliisimamisha meli nzima: mkuku, yaani uti wa mgongo wa meli, chini, mataruma, yaani mbavu zake, pande zote, mabamba ya ubavu juu yake. Lakini hawakuifunga moja kwa moja. Walishikiza kwa boliti na nati tu, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kwanza kabla ya kushona. Walitaka kuona kama kila tundu linakutana na tundu mwenzake. Walipohakikisha, wakaandika namba juu ya kila kipande, kisha wakaifungua yote tena, mamia kwa mamia ya vipande, vikapakiwa merikebuni kuja Mombasa. Baada ya Mombasa ikabaki kazi ya reli.

Hapa ndipo Nakuru inapoingia, na sijaona mtu akilitaja hili ipasavyo. Reli ile ina upana wa mita moja tu kati ya chuma na chuma. Kipande chochote cha meli kilipaswa kuenea juu ya behewa la reli hiyo, kipite kwenye kona zake na chini ya madaraja yake. Mchoraji wa meli kule Glasgow alilazimika kuipima meli yake kwa njia ambayo haina hata tone la maji. Kisha kuna vilima. Kutoka Mombasa vipande vikapanda hadi Nairobi, vikashuka Bonde la Ufa, vikafika Nakuru, na hapo Nakuru njia ya Kisumu inajitenga. Njoro, Molo, Mau Summit. Kituo cha Mau Summit kiko zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari. Meli ya ziwani, kabla haijagusa maji, ilipanda zaidi ya mita 1,300 juu ya ziwa lenyewe, katika baridi ile ya Molo inayouma masikio, ndipo ikaanza kuteremka Londiani, Fort Ternan, Muhoroni, hadi joto la Kisumu.

Mjomba wakati huo alikuwa kijana wa kuunganisha mabehewa. Alinisimulia kwamba waliyaona mabamba yale yenye namba zilizopakwa rangi, wala hawakuambiwa ni ya nini. Wakadhani ni daraja. Aliyewaeleza alikuwa dereva wa treni aliyerudi kutoka Kisumu na kusema ameona mbavu za kitu kama nyangumi zikisimamishwa kando ya ziwa.

Kisumu ndipo vipande vilipofungwa vikawa meli, ikashushwa majini, ikaingia kazini mwaka huo wa 1961. Kwa hiyo mjomba hakukosea. Mchoro, chuma na majaribio ni vya Scotland. Meli inayoelea, yenye injini inayonguruma na maji yanayoishika, ilizaliwa Kisumu. Mimi nikiulizwa nasema ni ya Kisumu, kwa sababu chombo kisichojua maji si chombo bado. Lakini naelewa anayesema vingine.

Sasa zile herufi. Meli hiyo ilipoanza kazi iliitwa R.M.S. Victoria, si M.V. Herufi za R.M.S., yaani Royal Mail Ship, Waingereza walizipa meli yenye mkataba wa kubeba barua za posta ya ufalme wao. Ilikuwa heshima, na pia ahadi kwamba meli hii itafuata ratiba, kwani barua hazingoji. Mifuko ya posta ilipakiwa Kisumu pamoja na abiria, kahawa, pamba na samaki, ikazungushwa bandari za ziwa, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Ukoloni ulipoondoka, Tanganyika ikitangulia Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962 na Kenya Desemba 1963, ile R ya ufalme haikuwa na mahali pa kukaa. Ikawa M.V., Motor Vessel, yaani chombo cha injini tu, kama inavyosomeka kwenye stempu. Nami jambo hili hunigusa kila nikiitazama: hii ni stempu yenye picha ya meli ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kubeba barua zilizobandikwa stempu. Haiwezekani kujua kama kipande hiki changu kiliwahi kusafiri ndani ya meli inayoonekana juu yake, lakini inawezekana kabisa.

Ziwa letu lilikuwa limeonekana kwenye stempu zamani kabla ya hapo. Toleo la mwaka 1935, lenye kichwa cha Mfalme George wa Tano, lilikuwa na stempu ya senti tano yenye jahazi la tanga juu ya Ziwa Victoria. Wakusanyaji wanaijua kwa sababu ya kitu kidogo sana. Ukichukua kioo cha kukuzia na kutazama kamba ya upande wa kushoto, katika stempu nyingine inaishia kabla ya kufika kwenye tanga, na katika nyingine imefika na kuligusa. Ni unywele mmoja tu wa wino, lakini bei hubadilika. Nimeshaona watu wazima wakikaa nusu saa wameinamia kamba hiyo bila kusema neno.

Tofauti kubwa kati ya jahazi lile na Victoria ni nani aliyekuwa akizungumza. Toleo la 1969 lilitoka tarehe 20 Januari, nalo lilikuwa la usafiri wa majini, stempu nne. Senti thelathini ilibeba M.V. Umoja, meli ya ziwani inayobeba mabehewa ya treni tumboni. Senti hamsini ilikuwa S.S. Harambee, meli ya baharini. Shilingi moja na senti thelathini ni Victoria. Ya shilingi mbili na nusu ilikuwa na chombo kiitwacho St. Michael. Yasome yale majina mawili ya kwanza kwa mfuatano: Umoja, Harambee. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 na kuanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Toleo hili lilitoka baada ya mwaka mmoja na kidogo. Mimi naamini waliochagua meli hizo walijua wanachokisema.

Kijana wa leo hushangaa nikimwambia kwamba stempu ile ungeweza kuinunua Kisumu, Kampala au Dar es Salaam, na ikafanya kazi popote kati ya hizo tatu. Posta ilikuwa moja. Reli ilikuwa moja, na meli za ziwani zilikuwa mali ya reli. Ndiyo maana mtu wa reli kama mjomba alijiona ana haki ya kuiita Victoria yake. Makao makuu yaligawanywa ili kila nchi ipate kitu: reli ikabaki Nairobi, bandari za baharini zikaenda Dar es Salaam, posta na simu zikaenda Kampala. Hata majina ya nchi juu ya stempu yalikuwa yakipokezana nafasi. Ukipanga stempu za miaka hiyo mezani utaona toleo moja linaanza na Kenya, jingine Uganda, jingine Tanzania au, kabla yake, Tanganyika. Yaani mtu alikaa akahakikisha kwamba hakuna jirani anayetangulia kila siku.

Basi meli hii ikawaje ya Tanzania peke yake?

Jumuiya ilianza kupasuka kabla haijavunjika. Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Chombo kikuu cha Jumuiya kilikuwa ni kikao cha marais watatu, na kikao hicho hakikufanyika tena. Juu ya hapo kulikuwa na ugomvi wa fedha. Tanzania na Uganda ziliona Kenya inavuna zaidi, Kenya ikaona inalipa zaidi, na mashirika ya pamoja yakawa hayapelekeani mapato. Stempu zenyewe zilitoa dalili kwa mwenye macho: kufikia 1976 zilikuwa zikitolewa kwa jina la nchi moja moja, mara nyingi picha ikiwa ileile. Mapema 1977 shirika la ndege la pamoja likasimama, Kenya ikaanzisha lake, na Tanzania ikafunga mpaka. Katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa rasmi.

Hapo ndipo kila kitu kinachotembea kilipokuwa na bahati yake. Ndege, behewa au meli ilibaki pale ilipokuwa au pale ilipopelekwa katika vurumai ile, na nchi iliyoishika ikaishika. Victoria ikawa ya Shirika la Reli la Tanzania. Umoja pia ikawa ya Tanzania. Kenya ikabaki na Uhuru, pacha wa Umoja.

Watu wengi hudhani kuna kikao kilichokaa kikasema Victoria iende Mwanza. Sivyo ilivyokuwa. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya miaka mingi kuhesabu mali na madeni ya Jumuiya, na mapatano yakatiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Kenya ilihesabiwa asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Lakini asilimia hizo zilikuwa za thamani, si za vitu. Hakuna aliyeambiwa arudishe meli. Mali ilibaki pale ilipokuwa, ikaandikwa bei yake, na aliyekuwa na zaidi ya fungu lake akatakiwa kumfidia aliyepungukiwa, ambaye hasa alikuwa Uganda. Victoria, katika daftari hilo, ilikuwa tarakimu tu upande wa Tanzania. Na yule mama wa vitenge yuko sahihi kabisa akisema ni yao, kwani iliandikwa kwenye hesabu yao.

Kuna mkanganyiko mwingine wa kuutoa njiani, kwa kuwa nimeusikia mara nyingi hapa Kenya: kwamba meli ya kwenye stempu ndiyo iliyozama. Hapana. Iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza, na kuua mamia ya watu, ni M.V. Bukoba, meli ndogo na changa zaidi iliyofanya njia ileile ya Bukoba na Mwanza. Familia ngapi za Kagera, mkoa wenye mji wa Bukoba, zilifagiliwa siku ile, na bado mtu akitaja meli ya Bukoba mbele ya mzee wa huko, uso hubadilika. Victoria ilibaki, ikaendelea kubeba watu wa njia hiyo katika miaka ya hofu iliyofuata.

Baadaye uzee ukaishika. Ilisimamishwa kazi kwa miaka kadhaa, ikakarabatiwa Mwanza, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya na jina jipya, New Victoria Hapa Kazi Tu, kwa kaulimbiu ya Rais Magufuli. Jina hilo refu ndilo linalowapoteza wakusanyaji. Wanatafuta M.V. Victoria, hawaipati, wanaandika kwenye albamu kwamba meli ilikatwa vyuma. Haijakatwa. Inabeba abiria 1,200, na inalala safarini kati ya Mwanza na Bukoba kama zamani.

Upande wetu wa Kisumu mambo yalikuwa magumu zaidi kwa muda mrefu. Biashara ya ziwani ilipungua, kisha miaka ya 1990 magugu maji yakafunika ghuba hata gati likaonekana kama limejengwa katikati ya shamba. Uhuru ilikaa mwaka hadi mwaka imefungwa kamba bila kazi, mpaka ilipofufuliwa mwaka 2019. Mwaka 2023 ikapata mdogo wake, M.V. Uhuru II, iliyoundwa papo hapo Kisumu. Nilipoisikia habari hiyo nilimkumbuka mjomba, ambaye hakuishi kuiona.

Yule mama nilimrudia mara ya pili, safari hii nikiwa na kioo cha kukuzia. Nilimsimulia habari za Nakuru, namba juu ya mabamba, na baridi ya Mau Summit. Alisikiliza huku akikunja kitenge, kisha akaomba kioo. Akaiangalia meli kwa muda, mdomo umefumbwa, akahesabu madirisha kwa ncha ya sindano bila kuigusa karatasi. Mwishoni akaweka ukucha wa kidole kidogo juu ya ubavu wa nyuma, na ukucha wenyewe ukafunika karibu theluthi ya meli.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo ninapotandikaga kanga yangu nikienda nyumbani."